Mtoto Anayefungua Redio: Tumchagulie Kazi Ndogo Inayokwisha

Mwezi huu tunapenda tuzungumze habari za yule mtoto ambaye karibu kila nyumba inaye: anayefungua redio aone sauti inatoka wapi, anayenyofoa mota ya gari la kuchezea, na ambaye tochi ikipotea tunamuuliza yeye kabla ya wengine. Kwa kawaida tunamwita mharibifu. Tunamkanya, tunaficha bisibisi, na tunaomba akue haraka aache tabia hiyo.

Siku hizi wako wazazi wanaomnunulia mtoto wa namna hiyo sanduku la kujifunzia elektroniki, au wanaletewa na ndugu aliyesafiri. Ni jambo jema. Lakini tumeona mara nyingi kwamba shida haiishi kwa kununua sanduku. Shida inaanza pale mtoto anapolifungua na kuuliza, "Mama, nianze na kutengeneza nini?" Wengi wetu tunajibu, "Mimi sijui mambo hayo, chagua mwenyewe." Na hapo ndipo tunapokosea.

Mama mmoja alitusimulia yaliyotokea nyumbani kwake. Mjomba alimletea mwanawe wa miaka 12 sanduku zuri lenye vifaa vingi. Mtoto akachagua kutengeneza gari linalojiendesha na kukwepa vizuizi, kwa sababu picha yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote juu ya sanduku. Jioni ya kwanza alifunga nyaya kwa furaha. Jioni ya pili akagundua kwamba kazi hiyo inataka kompyuta, na nyumbani hawana. Akajaribu kuazima kwa jirani, ikashindikana. Wiki ya tatu sanduku likapandishwa juu ya kabati. Baba yake akasema fedha za mjomba zimepotea bure. Mama akasema neno zito zaidi, na mtoto akalisikia: "Huyu hana kichwa cha mambo haya."

Ndugu zetu, mtoto yule alikuwa na kichwa kizuri tu. Alikuwa na kazi isiyomfaa. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa, kwa maana kazi inaweza kubadilishwa kesho asubuhi, lakini neno la mama humkaa mtoto miaka mingi. Katika Luka 14 Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba hana budi aketi kwanza na kuhesabu kama anavyo vya kumalizia, asije akaweka msingi akashindwa, watu wakamcheka. Mfano huo unahusu gharama ya kumfuata Yeye. Hata hivyo hekima yake inamfaa na mtoto aliyeketi mbele ya sanduku la nyaya.

Kilichomo ndani ya sanduku

Tusiogope majina. Masanduku mengi ya kuanzia yana vitu vinavyofanana. Kuna ubao wa plastiki wenye matundu mengi madogo. Waingereza na Wamarekani huuita ubao wa mkate, kwa sababu mafundi wa redio wa zamani walichukua ubao wa jikoni wa kukatia mkate na kugongelea vifaa vyao juu yake. Matundu ya ubao wa siku hizi yamepangwa katika mistari mifupi ya matundu matano matano, na matano ya mstari mmoja yameungana chini kwa chini. Kwa hiyo mtoto huchomeka tu vifaa bila kulehemu, na akikosea huchomoa akaanza upya.

Kuna taa ndogo za LED zenye miguu miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Ule mrefu huelekea upande wa chanya wa betri. Ukigeuzwa, taa haiwaki. Kuna rizista, vijiti vidogo vyenye mistari ya rangi, ambavyo kazi yake ni kupunguza umeme usipite mwingi. Rangi zile ni namba: nyekundu, nyekundu na kahawia ni omu 220, kahawia, nyeusi na nyekundu ni omu 1,000. Baadhi ya rizista zina mistari mingi zaidi, na hapo mtoto atazame jedwali lililomo katika kijitabu cha sanduku.

Kuna transista yenye miguu mitatu. Hiyo tuifananishe na bomba la maji: nguvu ndogo ya mkono hufungua maji mengi. Umeme mdogo ukiingia katika mguu mmoja wa transista, unafungua njia ya umeme mkubwa zaidi kupita katika ile miguu mingine miwili. Mwisho kuna kengele ndogo ya umeme, vitufe, na nyaya fupi zenye ncha ngumu.

Masanduku mengine yana ubao wa Arduino, uliobuniwa katika mji wa Ivrea nchini Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi. Ni kitu kizuri sana, lakini lazima uandikiwe maelekezo kwa kompyuta. Kama nyumbani hakuna kompyuta, uwekeni kando kwanza. Vifaa vingine vyote vitafanya kazi bila huo, kwa betri tu.

Maswali manne kabla ya kuchagua

Mama hahitaji kujua elektroniki ili amsaidie mtoto kuchagua. Anahitaji kuijua nyumba yake na kumjua mtoto wake, na hayo anayajua kuliko fundi yeyote. Kaeni pamoja, mtoto afungue kijitabu cha kazi, na kwa kila kazi mwulizane maswali haya.

La kwanza: Je, itakwisha kwa mara moja? Kazi ya kwanza isizidi jioni moja, wala vifaa vyake visizidi saba au vinane. Mtoto akionja mara moja utamu wa kumaliza, atavumilia kazi ya wiki nzima baadaye. Asipouonja, hata ile ya jioni moja atakuja kuiona ni mlima.

La pili: Je, vifaa vyote vimo? Mtoto avitoe na kuvipanga mezani kabla ya kuanza, kama tunavyofanya sisi tunapotaka kupika keki. Kukipungua kimoja, chagueni kazi nyingine. Kifaa kimoja kinaweza kununuliwa baadaye Kariakoo jijini Dar es Salaam, Luthuli Avenue jijini Nairobi, au kwa fundi redio wa mtaani. Lakini kazi ya kwanza isisubiri safari ya mjini.

La tatu: Je, inatumia betri peke yake? Hapa hatuna mjadala. Kazi yoyote inayogusa umeme wa ukutani, wenye volti 230 hadi 240, si ya mtoto. Betri tatu za AA, zile za saa ya ukutani, zikiunganishwa hutoa volti 4.5. Hizo zinamtosha.

La nne, ambalo wengi wanalisahau: Je, nyumba itaitumia? Taa inayowaka na kuzima mezani hupendeza siku mbili. Kitu kinachomwondolea bibi usumbufu hupendeza mwaka mzima, na mtoto husikia akitajwa mbele ya wageni kwa wema.

Kijana aliyefungua redio ya mama yake

Katika swali hili la nne tunaye shahidi wa jirani. Richard Turere ni Mmasai wa Kenya aliyekulia karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Alipokuwa mtoto alipewa kazi ya kuchunga ng'ombe wa baba yake, na simba walikuwa wakitoka hifadhini usiku na kuwaua. Alijaribu moto, akaona haufai. Alijaribu sanamu ya mtu. Simba wakaogopa siku ya kwanza, siku ya pili wakaizoea. Usiku mmoja akiwa anazunguka na tochi aligundua kwamba simba hawapendi mwanga unaotembea.

Akachukua betri kuukuu ya gari, kidude cha kuwashia na kuzimia taa za ishara za pikipiki, swichi, na taa za tochi zilizovunjika, akaviunganisha kuzunguka zizi, betri ikichajiwa kwa sola. Taa zikawa zinawaka kwa zamu, simba wakadhani kuna mtu anatembea. Alikuwa na umri wa miaka 11 hivi. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kuieleza kazi hiyo mbele ya mkutano wa TED, na huko alisema wazi kwamba elektroniki alianza kujifunza kwa kufungua redio mpya ya mama yake, na kwamba siku hiyo mama nusura amwue kwa hasira.

Tuangalie alivyochagua. Kazi yake ilitoka zizini kwao, mahali palipokuwa na hasara kila mara. Vifaa vyake vilikuwa vichache, na vingi vilikuwa vimetupwa. Kama angeanza kwa kutafuta kitu cha kuwashangaza watu, pengine angeshindwa, na ng'ombe wangeendelea kuliwa.

Kazi tunayoipendekeza: kengele ya ndoo

Nyumba nyingi hazina simba, lakini zina shida ya maji. Maji ya bomba hutoka kwa mgao, mara nyingi usiku wa manane. Mama anaacha bomba wazi juu ya pipa, analala usingizi wa mang'amung'amu, na akipitiwa, maji yanamwagika uani na bili inapanda. Kengele inayolia pipa linapojaa ni kazi ndogo, ina vifaa vichache, na itatumika tangu usiku wa kwanza.

Mtoto aanze na hatua fupi ya kuzoea mkono. Kutoka upande wa chanya wa kasha la betri, umeme upite katika rizista ya omu 220, kisha katika mguu mrefu wa taa ya LED nyekundu, utoke kwa mguu mfupi na kurudi upande wa hasi. Taa itawaka. Njia hiyo ya umeme, kwenda na kurudi bila kukatika, ndiyo inayoitwa saketi. Taa ya namna hiyo hutumia karibu volti 2, na zile 2.5 zinazobaki hubebwa na rizista, hivyo umeme unaopita ni kiasi cha miliampia 11. Taa hizi kwa kawaida hazitakiwi kuzidi 20. Mtoto akiondoa rizista, taa inaweza kuungua. Afadhali aelewe sababu kuliko kuambiwa tu "usiguse".

Hatua ya pili ndiyo kengele yenyewe. Chanya ya betri iende kwenye mguu wa chanya wa kengele. Mguu wa pili wa kengele uende kwenye kolekta ya transista, na emita ya transista irudi kwenye hasi ya betri. Mguu wa tatu, unaoitwa besi, uunganishwe na rizista ya omu 1,000, na kutoka hapo utoke waya mrefu wa kwanza. Waya mrefu wa pili utoke kwenye chanya ya betri. Ncha za nyaya hizo mbili, zikiwa zimemenywa, zifungwe juu ya mdomo wa ndoo zikining'inia ndani kidogo, karibu karibu lakini bila kugusana. Transista iwe ya aina ya NPN. Mpangilio wa miguu hutofautiana kati ya transista na transista, kwa hiyo mtoto asome kijitabu wala asibahatishe.

Maji yakipanda na kugusa ncha zote mbili, umeme mdogo sana hupita katika maji, huingia katika besi, transista hufunguka, na kengele hulia. Kwa kuwa umeme wote unatoka katika betri ndogo, maji hayatamdhuru mtu. Lakini ubao na betri vikae mahali pakavu nje ya ndoo, na ncha zitolewe majini mara kengele ikishalia, maana shaba ikikaa majini na umeme huchakaa, nasi hatutaki hayo katika maji ya kunywa.

Ikikataa kulia

Mara ya kwanza pengine haitalia. Hapo mama anajaribiwa kufanya moja kati ya mawili: kumnyang'anya mtoto, au kumwambia aache akalale. Tusifanye lolote kati ya hayo. Tumwulize maswali, naye atafute. Betri zimeelekea sawa? Miguu miwili ya kifaa kimoja imeingia katika mstari mmoja wa matundu? Waya umezama vizuri? Transista haijageuzwa?

Kuna kosa moja linalowaliza wengi. Masanduku mengi yana kengele za aina mbili zinazofanana kwa sura. Moja hulia yenyewe ikipata betri. Nyingine haiwezi kulia mpaka iongozwe na saketi ya kuitolea mlio. Aziguse zote mbili kwa betri moja baada ya nyingine. Ile inayolia mfululizo ndiyo tunayoihitaji. Nyingine itatoa mlio mdogo wa "tik" na kunyamaza.

Na kama kila kitu kiko sawa lakini kengele inalia kwa unyonge, maji yenyewe yachunguzwe. Maji ya mvua hupitisha umeme kidogo kuliko ya bomba au kisima. Mtoto aweke maji kikombeni, atumbukize ncha asikilize, kisha atie chumvi kidogo asikilize tena. Tofauti atakayoisikia ni somo la sayansi ambalo hatalisahau.

Yule mama wa sanduku la juu ya kabati aliliteremsha. Tulimwambia jambo la kwanza si nyaya, ni lile neno alilosema. Alimwita mwanawe, akamwambia, "Nilisema huna kichwa. Nilikosea, baba. Kazi ilikuwa kubwa, na mimi sikukusaidia kuchagua." Kisha wakatengeneza kengele. Haikulia siku ile. Ililia siku ya pili, na mtoto aliitafuta hitilafu mwenyewe: transista ilikuwa imegeuka.

Mambo ya hatari ambayo mama hana budi kuyajua

Masanduku mengi huwa na rimoti ndogo, na ndani ya rimoti kuna betri bapa kama sarafu. Ichukueni na kuifungia mbali siku hiyo hiyo. Mtoto mdogo akiimeza ikamkwama kooni, inaweza kumchoma vibaya ndani kwa muda wa saa mbili tu, hata kama halii wala hakohoi. Mkishuku ameimeza, msimtapishe, msingoje kuona hali. Mkimbizeni hospitali mara moja na mwambieni daktari ni betri.

Betri za simu zisifunguliwe, zisitobolewe, wala zisichomekwe katika ubao. Zinaweza kuwaka moto. Redio au televisheni iliyochomekwa ukutani isifunguliwe kamwe. Redio mbovu ya betri mpeni aifungue kwa ruhusa, betri zikiwa zimetolewa, naye aahidi kuviweka vipande vyote katika kopo moja.

Na mtoto akimhitaji mtu wa kumfundisha, mtafuteni mtu mzima mnayemfahamu, na wakae sebuleni mlango ukiwa wazi. Ni afadhali kuonekana mkali kuliko kujuta.

Binti naye aketi mezani

Tunapomwita kaka mtu aje aone sanduku, tusimtume dada mtu jikoni. Katika Kutoka 31 tunasoma kwamba Mungu alimjaza Bezaleli roho wake awe na ujuzi wa kazi za mikono, na sura ya 35 inawataja wanawake wenye ustadi waliosokota kwa mikono yao kwa ajili ya kazi ile ile ya hema. Vidole vinavyosuka nywele na kufuma kwa krosia vinaweza kabisa kuchomeka waya katika tundu dogo. Mpeni zamu yake, si ya kushika tochi tu.

Kengele ikishakubali, mwacheni mtoto amweleze bibi au baba yake inavyofanya kazi, tangu betri mpaka maji. Akiweza kuieleza, ameielewa, na mnaweza kuchagua nyingine: labda taa inayowaka yenyewe giza linapoingia chooni. Akikwama katika kueleza, mwache aivunje aijenge tena kesho. Hakuna haraka.

Basi mwezi huu, mama mwenzetu, kabla hujamwita mtoto mharibifu, mwulize nyumba yenu ina shida gani ndogo ambayo angependa kuiondoa. Msikilize mpaka mwisho. Kisha fungueni sanduku pamoja. Bwana awape uvumilivu wa kungoja mpaka ilie. Amina.